Nimeachishwa kazi na kodi ya nyumba imelimbikizana: kuna ofisi ya serikali ya kunisaidia?

SWALI: Wakili, pokea salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Nina miaka 41. Nimefanya kazi miaka sita na miezi kadhaa katika kiwanda kimoja hapa mjini, mshahara 18,000. Mwisho wa mwezi uliopita tuliitwa wengi, tukaambiwa kazi imepungua, twende nyumbani tutapigiwa simu. Hatukupewa barua yoyote. Nyumba nalipa 6,500 na sasa nina deni la miezi miwili. Msimamizi wa ploti amesema mwezi huu ukiisha anatia kufuli. Dada yangu aliye Uingereza anasema kule ukipoteza kazi serikali inakusaidia kulipa kodi. Je, hapa niende ofisi gani? Na ule ushuru wa nyumba niliokatwa kila mwezi, siwezi kurudishiwa nikalipa kodi? Naishi na mke wangu, watoto wawili, mmoja yuko sekondari, na mama yangu wa miaka 73.

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Nitakujibu wazi ili usipoteze nauli kuzunguka ofisi ambazo hazina fungu lako. Hapa Kenya hakuna ofisi ya serikali, iwe ya kitaifa au ya kaunti, inayomlipia kodi ya nyumba mtu aliyepoteza kazi. Mtu akikwambia ipo fomu, kisha akakuomba mia mbili au mia tano ya kuijaza, huyo ni tapeli.

Hata hivyo usikate tamaa. Kuna pesa ambayo sheria inamtaka mwajiri wako akupe, na kwa hesabu nitakayokuonyesha inaweza kulipa kodi yako karibu mwaka mzima. Tena kuna muda ambao sheria inamtaka mwenye nyumba akupe kabla ya kukutoa. Hivyo viwili ndivyo vya kushughulikia wiki hii.

Nianze na dada yako, maana hajakudanganya. Uingereza kuna malipo yanayoitwa Universal Credit, na ndani yake kuna sehemu ya nyumba. Aliyepoteza kazi huomba, na kwa kawaida husubiri kama wiki tano ndipo apate malipo ya kwanza. Aliyepanga kwa mtu binafsi hulipiwa hadi kiwango kilichowekwa kwa eneo lake, na kodi ikizidi hapo anajazia mwenyewe. Na hata kule si kila mtu anapata: wageni wengi walioingia kwa viza ya kazi wamewekewa sharti la kutogusa fedha hizo za umma. Mpango ule unasimama juu ya sheria yao na bajeti yao. Sisi hatujaufikia. Bima ya wasio na kazi imekuwa ikitajwa hapa kwa miaka, lakini leo hakuna mfuko unaoweza kuuendea.

Si kwamba wazo lenyewe ni geni kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na inaitaka Serikali itoe hifadhi ya jamii kwa wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Sheria ya Usaidizi wa Jamii ya 2013 iliwataja hata wasio na ajira miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Maandishi yakapita, pesa haikufuata. Nakwambia hivi kwa uchungu, kwa sababu naona watu wakienda kwa mwenye nyumba na Katiba mkononi wakidhani itafuta deni. Haifuti. Kifungu cha 43 kinaisemesha Serikali, na mkataba wako na mwenye nyumba unabaki palepale.

Sasa ule ushuru wa nyumba. Swali lako lina msingi, na naelewa kwa nini wengi wanaamini kwamba pesa ile hurudi. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoletwa mara ya kwanza, ulizungumzia mchango wa asilimia 3 ambao mchangiaji angeweza kurudishiwa baada ya miaka saba. Bunge lilipomaliza kazi, mchango ule ukawa ushuru wa asilimia 1.5, na habari ya kurudishiwa ikaondolewa. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Novemba 2023, kisha ukarudi kupitia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024. Kwa mshahara wako wa 18,000 unakatwa shilingi 270 kwa mwezi na mwajiri anaongeza 270. Fedha hizo zinajenga nyumba, kama zile za Bondeni hapa Nakuru. Hazimlipii mtu kodi, na kupoteza kazi hakukupi haki ya kuzidai. Kujiandikisha Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, kunakuweka kwenye orodha ya kununua nyumba kwa malipo ya awali na ya kila mwezi, na wewe kwa sasa shida yako ni kufuli la mwisho wa mwezi.

NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, nayo niiseme haraka, kwa sababu najua utaiuliza. Akiba yako iko pale na ni yako, lakini sheria inaruhusu uichukue ukistaafu mapema kuanzia miaka 50. Una 41. Hata hivyo nenda uchukue taarifa ya michango yako. Utaiona faida yake hapo chini.

Tuje sasa kwa mwajiri, ambapo ndipo pesa yako ilipo.

Kuambiwa “nendeni nyumbani tutawapigia simu” ni njia ya zamani ya kuwaweka wafanyakazi kati ya kazini na nje ya kazi. Mkikaa kimya miezi minne, mtakuja kuambiwa mliacha kazi wenyewe. Mwajiri hana ruhusa ya kukuweka nyumbani bila mshahara kwa uamuzi wake peke yake. Kama kazi ipo, akulipe. Kama kazi imekwisha, basi amekupunguza, na kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Uajiri ya 2007. Anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja kwako, au kwa chama kama wewe ni mwanachama, na pia kwa afisa wa leba wa eneo. Anatakiwa kuonyesha aliwachagua vipi wa kuondoka, kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha analipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi kama hakuitoa, siku za likizo ambazo hukuchukua, na malipo ya kupunguzwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza.

Tupige hesabu. Mshahara wa 18,000 ukigawa kwa siku 30 unapata 600 kwa siku. Siku 15 ni 9,000, na miaka sita kamili inakuwa 54,000. Mwezi wa notisi ni 18,000. Tuseme ulikuwa umebakiza siku 14 za likizo: hiyo ni 8,400. Jumla ni 80,400, kabla hujaongeza mshahara wa siku ulizofanya kazi ambazo hazijalipwa, na kabla ya kodi ya mapato. Kwa nyumba ya 6,500 hiyo ni zaidi ya miezi kumi na miwili. Sitaki uitumie yote kwa kodi, lakini nataka uone kwamba unadai kitu kizito. Mahakama ikiona utaratibu ulivunjwa, inaweza kuongeza fidia hadi mishahara ya miezi 12, ingawa hakimu hupima kila kesi na wengi hupata pungufu ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo karibu kila mfanyakazi wa kiwandani analisahau, nalo linahusu nyumba moja kwa moja. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri akupe mahali pa kuishi panapofaa, au akulipe marupurupu ya nyumba juu ya mshahara wa msingi. Kwa kazi nyingi zinazotawaliwa na agizo la mishahara, kiwango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Chukua karatasi yako ya mshahara uisome mstari kwa mstari. Ikionyesha mshahara wa msingi 18,000 na hakuna mstari wa nyumba, basi kila mwezi ulipunjwa 2,700. Kwa mwaka mmoja ni 32,400. Lakini mkataba wako ukisema wazi kwamba 18,000 ni jumla yenye nyumba ndani yake, dai hilo halipo, na usilipeleke popote maana litaharibu mengine. Madai ya aina hii yanayojirudia kila mwezi yasicheleweshwe: yawe yamefikishwa mahakamani kabla mwaka haujaisha tangu uondoke kazini.

Huenda utaniambia huna mkataba wa maandishi. Usihofu. Kuweka mkataba kwenye maandishi ni jukumu la mwajiri, na asipouleta mbele ya mahakama, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba masharti unayodai si ya kweli. Hapa ndipo ile taarifa ya NSSF inapofanya kazi: ina jina la mwajiri na miezi aliyokulipia, na ni vigumu kwake kuikana. Ongeza ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki ya mishahara, kadi ya kazi, hata picha mkiwa na sare. Kama uliandikishwa kama kibarua wa siku lakini umefanya kazi mfululizo miaka sita, sheria haikuhesabu kibarua tena. Kifungu cha 37 kinakubadilisha kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na likizo.

Cha kufanya kwanza ni barua. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe mliyorudishwa nyumbani, kwamba uko tayari kufanya kazi, na kwamba kama umepunguzwa unaomba notisi, malipo yako na hati ya utumishi. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri ubaki nayo. Wakikataa mhuri, ipige picha uitume kwa simu ya afisa wa wafanyakazi ili tarehe ibaki. Wakikuita wakupe bahasha yenye shilingi elfu kumi na karatasi ya kusaini, soma karatasi kabla ya pesa. Ikiwa na maneno kwamba umepokea haki zako zote na hudai tena chochote, usitie sahihi. Najua watoto wanalia nyumbani. Waombe waandike kwamba ni sehemu ya malipo, uchukue ukiwa huru kudai salio. Wafanyakazi wengi huja kwangu baada ya kusaini karatasi ile, na kuitengua ni kazi ngumu sana.

Barua ikipita wiki bila jibu, nenda ofisi ya leba hapa Nakuru. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na hulipi kitu. Afisa atamwita mwajiri, na madai mengi huishia hapo hapo kwa maelewano, hasa mkienda mlio wengi mkiwa na hesabu zinazofanana. Kama ulikuwa unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi, mwone pia mwakilishi wa chama. Isipofika mwisho, kuna mahakama. Kwa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu, huna lazima ya kupanda hadi Mahakama ya Uajiri na Leba, ingawa nayo ipo Nakuru na Kisumu. Mwisho wa kufungua kesi ya kuachishwa kazi ni miaka mitatu. Usiende Mahakama ya Madai Madogo na jambo hili, sheria yake inakataza kesi za kazi.

Pesa hiyo haitaingia wiki hii. Kwa hiyo tuzungumze kuhusu kufuli.

Msimamizi wa ploti hana mamlaka ya kukufungia nyumba, na hata aliyemtuma hana. Kung'oa mlango, kuondoa mabati, kukata umeme au kutoa vyombo nje kwa nguvu ni makosa, hata kama deni ni la kweli. Mwenye nyumba anayetaka vyombo vyako viuzwe kufidia kodi lazima atumie dalali mwenye leseni. Dalali huyo anaandika orodha ya vitu na kukupa notisi ya siku 14 ya kulipa kabla ya kubeba kitu. Mwenye nyumba anayetaka uhame anakupa notisi isiyopungua kipindi unacholipia, yaani mwezi mmoja kwako. Ukikataa kutoka, anakwenda mahakamani. Kijana aliyetumwa na nyundo si dalali. Chifu anaweza kuwakalisha mzungumze, na mara nyingi hilo linasaidia, lakini hana uwezo wa kuamuru utolewe.

Ukikuta kufuli siku hiyo, usilivunje. Piga picha, ita jirani mmoja awe shahidi, nenda kituo cha polisi uandikishe na uombe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huenda wakakwambia hayo ni ya mahakama ya madai. Sawa, lakini namba ichukue, hasa kama vyombo au vitambulisho vimo ndani, kisha uende mahakama ya hakimu kuomba amri ya kufunguliwa. Huna pesa ya wakili, hivyo ulizia Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasioweza kulipa. Wasomaji wanawake walio upande wa Kisumu wanaweza pia kuwaona FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi mjini humo.

Kuna ulinzi mwingine mkubwa zaidi ambao huupati kwa nyumba ya 6,500. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, na jopo lake ndilo pekee linaloweza kuruhusu mpangaji atolewe au vyombo vyake vishikwe kwa deni. Kiwango hicho kimeachwa nyuma na maisha, lakini chumba cha bei hiyo bado unaweza kukitafuta Rhonda, na hata humo Kaptembwo.

Hilo linanileta kwenye ushauri ambao huenda usiupende. Hama mapema. Sheria inakupa muda, lakini haikufutii deni, na kila mwezi unaokaa ukibishana unaongeza 6,500 ambazo zitakatwa kwenye malipo yako yajayo. Mwendee mwenye nyumba mwenyewe, si msimamizi, kabla mwezi haujaisha. Mwonyeshe nakala ya barua uliyompelekea mwajiri. Mwombe ile pesa uliyoweka siku ya kuingia ihesabiwe kama kodi ya mwezi mmoja, lipa chochote ulicho nacho hata 2,000 kupitia M-Pesa ili kuwe na kumbukumbu, na mkubaliane kwa maandishi tarehe ya kuhama na jinsi ya kulipa salio. Mwenye nyumba mwenye akili anajua mpangaji anayeondoka kwa amani na kuacha chumba safi ni afadhali kuliko kesi. Akikubali halafu akakuzuilia pesa yako bila sababu baada ya deni kuisha, hapo ndipo Mahakama ya Madai Madogo inapokufaa.

Usilipe kodi kwa mikopo ya simu. Mkopo wa Hustler Fund una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni ndogo, lakini unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14, na wewe hujui mshahara wa kesho utatoka wapi. Programu nyingine za mikopo ni ghali kupita huo. Kama una hisa katika Sakko, hizo ni zako. Uliza utaratibu wa kujitoa na ukumbuke watakata kwanza mkopo unaodaiwa.

Msaada wa serikali ambao familia yako inaweza kuupata kweli uko mahali pengine, na kila shilingi unayoipata huko inaachia shilingi ya kodi. Kwa mtoto wa sekondari, omba basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ile ya kaunti pale wadi yako. Peleka nakala ya barua yako kwa mwajiri pamoja na barua ya chifu, kwa sababu fomu inauliza hali ya mzazi na mzazi aliyepoteza kazi anazingatiwa. Kwa upande wa afya, mwajiri alikuwa akikukatia asilimia 2.75 kwenda SHA, bima ya afya ya serikali. Sasa makato hayo yamesimama, na asiye na mshahara anapimwa uwezo wake upya na kulipa kwa mwaka, kuanzia kiwango cha shilingi 300 kwa mwezi. Fanya mabadiliko hayo kabla mtu hajaugua.

Halafu kuna mama. Mpango wa Inua Jamii unawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi walio kwenye hali ngumu shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama ana miaka 73, na hukuniambia kama amewahi kuandikishwa. Mpeleke kwa naibu wa chifu na kitambulisho chake halisi, ukague kama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale inalingana na umri wake, kwa kuwa wazee wengi hukwama hapo. Ikiwa aliandikishwa kule nyumbani kijijini kabla hajaja kuishi kwako, usimwandikishe mara ya pili. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo jinsi ya kuhamisha jina lake.

Wakili wa masuala ya kazi na makazi, Nakuru